Ukarabati wa Nyumba: Mkandarasi Hupata Hasara Kabla ya Kushika Nyundo

Kampuni ya ukarabati inaweza kuwa na kazi mwaka mzima na mafundi hodari, na bado ikaishiwa fedha. Mara nyingi tatizo si ufundi bali makadirio.

Kosa linaloumiza wengi ni kudhani kuwa unachoongeza juu ya gharama ndicho kinachobaki. Tuseme vifaa na vibarua vimegharimu 1,000. Mkandarasi anaongeza asilimia 30, anatoza 1,300. Kilichobaki ni 300 kati ya 1,300, yaani asilimia 23 tu. Anayetaka asilimia 30 ya bei ibaki agawanye gharama kwa 0.70, apate takribani 1,429. Hata hiyo haijawa faida. Humo ndimo yanamotoka mafuta ya gari, bima, mashine zinazochakaa na mshahara wa mwenye kampuni, ambaye husahau kujilipa.

Nyumba ya zamani, tofauti na kiwanja kitupu, ina mambo yaliyofunikwa. Usikadirie bafu kwa kulitazama mlangoni. Gonga vigae kwa mpini wa bisibisi: vinavyotoa mlio wa utupu vimeachia. Dunga mbao za sakafu karibu na choo kwa ncha ya bisibisi hiyo. Ncha ikizama kirahisi, zimeoza. Ukuta wa kubomolewa utazamwe kwanza na mhandisi, na panaposhukiwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika katika ujenzi wa zamani na ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, pasivunjwe kabla ya kupimwa. Yale usiyoweza kuyaona yaandike kwenye mkataba kuwa hayamo, ukitaja bei ya kila mita endapo yatajitokeza. Mteja hukasirishwa na bei asiyoitarajia kuliko bei kubwa.

Kwenye vigae, ongeza asilimia 10 juu ya eneo lililopimwa, na 15 vikipangwa kwa mshazari. Maboksi yote yawe na namba ileile ya toleo, yaani vigae viwe vimetengenezwa pamoja kiwandani, maana toleo jingine huweza kutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo huonekana vikishakaa ukutani.

Kisha kuna "fundi, hebu niongezee na soketi hapa". Kila nyongeza, hata ndogo, iwe na karatasi yenye mambo manne: kazi, bei, siku zitakazoongezeka na sahihi ya mteja. Bila sahihi, usianze. Soketi moja haifilisi mtu. Soketi sita, mlango uliohamishwa na rangi iliyobadilishwa mara mbili zinatosha.

Malipo yafuate hatua za kazi, si tarehe. Mgawanyo unaofaa kwa kazi nyingi ni asilimia 30 kuanza, 30 mabomba na nyaya vikishapita kabla ya lipu, 30 vigae vikikamilika, na 10 baada ya kumaliza orodha ya kasoro. Fedha ya mteja mmoja isinunue saruji ya mwingine. Ukizichanganya, kazi mpya ikichelewa, zote mbili husimama.

Sakafu ya bafu ipimwe kama inavuja kabla ya vigae. Ziba tundu la kutolea maji, jaza maji, chora mstari usawa wake, acha saa 24, halafu kagua mstari na dari ya chini. Vilevile piga picha za mabomba na nyaya, futi ya kupimia ikionekana, kabla ya lipu kuvifunika. Mteja akitoboa ukuta mwaka ujao kutundika kabati, picha hizo zitaonyesha bomba lilipita wapi.