Je, wajua kwa nini mayai ya Tanga yanaweza kufa kabla hata hujayaweka kwenye mashine?

Mwaka juzi mwezi wa pili nilimchinja jogoo wangu kwa kosa ambalo hakulifanya. Pilau lilikuwa tamu, siwezi kudanganya, ila kila nikikumbuka naona haya. Alikuwa kishingo, shingo tupu nyekundu kama kaungua na maji ya moto, mapaja ya maana, na mitetea yangu yote ilikuwa inamjua.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilinunua mashine ya kutotolesha ya mayai 56, zile ndogo za plastiki, nikawa nakusanya mayai ya kuku wangu kidogo kidogo mpaka yafike idadi, siku 12 nzima, nayapanga kwenye trei juu ya kabati chumbani ili watoto wasiyafikie. Chumba cha bati, hapa Tanga, kaskazi imekolea, usiku unalala na feni na bado shuka linaloa. Siku ya 7 baada ya kuwasha mashine nikazima taa nikayamulika kwa tochi ya simu, yai baada ya yai, nikakuta 31 ni meupe, hakuna mishipa ya damu, hakuna chochote, mwanga unapita tu kama kwenye glasi ya maji. Kila niliyemwambia alinipa jibu moja: jogoo hana mbegu huyo. Basi, Ijumaa yake akaingia sufuriani.

Sasa wakati ule nakusanya, siku ya tatu hivi, shangazi yangu alikuja kunisalimia akaondoka na mayai 12 ya kuku hao hao, jogoo huyo huyo, akaenda kumwekea tetea wake aliyekuwa anataka kulalia. Habari zikanifikia mi nshamla jogoo zamani: wametoka 11, viza moja tu.

Nikakaa nikafikiria. Kama jogoo hana mbegu, hawa 11 baba yao nani? Tena 6 kati yao wametoka vishingo kabisa, kwa shangazi hakuna kishingo hata mmoja.

Kumbe jibu lilikuwa juu ya kabati.

Yai lenye mbegu likitoka kwa kuku sio kwamba ndo linasubiri kuanza, limeshaanza. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na yai linakaa mle ndani kama siku nzima linavishwa ute na ganda, na muda wote huo kiinitete, yaani ule mwanzo wa kifaranga, kinagawanyika tu. Mpaka kuku anatoka kwenye kiota anatetea mtaa mzima usikie, tayari mle ndani kuna seli kama elfu 40 mpaka 60. Ukitaka kuona kwa macho pasua yai la leo kwenye sahani, taratibu, uangalie juu ya kiini. Kuna kidoa cheupe. Kwenye yai lenye mbegu kidoa kimekaa kama pete, ukingo mweupe umezunguka na katikati kumepauka, upana wake kama milimita 4. Lisilo na mbegu kidoa ni kidogo, kimejaa weupe, hakina pete. Ukishaviona vyote viwili pamoja hutasahau tena, na mayai unakaanga, hakuna hasara.

Baada ya kutagwa yai linapoa, na kupoa ndo usalama wake, maana kiinitete kinalala. Likiwa chini ya nyuzi 20 hivi kinalala kabisa, kinasubiri. Likiwa kwenye 37.5, ambayo ndo joto la mashine yenye feni, kinaamka na kukua vizuri na siku ya 21 unasikia pyo pyo. Balaa ni hapo katikati. Nyuzi 27, 30, 33, kinaamka ila hakipati moto wa kutosha kwenda mbele, kinakua ovyo, sehemu moja inawahi nyingine inachelewa, kinachoka, kinakufa. Ni kama sufuria ya wali iliyobaki kwenye mkaa unaozimika, hauivi na huwezi kusema haujaguswa na moto.

Haya, angalia sasa hali ya hewa yetu. Tanga mwezi wa kwanza na wa pili mchana inagonga nyuzi 32, 33, na usiku ule wa manane kabisa bado ni 24. Yaani hakuna saa hata moja ndani ya siku ambayo yai lililokaa mezani linalala usingizi kamili! Mwezi wa saba kidogo afadhali, usiku inashuka mpaka 20 au 21. Mtu wa Lushoto hawezi kuelewa shida hii, kule juu milimani yai likikaa juu ya meza linalala lenyewe, ndo maana ukichukua ushauri wa mfugaji wa kule ukauleta huku pwani kama ulivyo unaumia.

Na kilichonidanganya mimi ni ule weupe. Kiinitete kikifa mapema hivo kinakuwa hakijatengeneza damu, kwa hiyo ukimulika unaona yai liko wazi, sawasawa na lisilo na mbegu. Kingekufa siku ya tatu au ya nne ndani ya mashine ningeona pete ya damu, uzi mwekundu umezunguka ndani, hapo ningejua kuna mtu alikuwemo. Njia ya kutofautisha ni kuyapasua yale meupe badala ya kuyatupa: kama ni kidoa kidogo cheupe tu, lawama ni za jogoo, ila ukikuta doa pana la rangi ya maziwa limetanda juu ya kiini, mbegu ilikuwepo na wewe ndo uliiua. Mi niliyatupa yote jalalani.

Hapa mtu atauliza, mbona kuku wa kienyeji anataga siku 12, 15, ndo analalia, na anatotoa? Swali zuri na mi liliniumiza kichwa. Kwanza kuku anachelewa kulalia makusudi, anataka mayai yote yaanze siku moja ili watoto watoke pamoja, la sivyo wa kwanza watakuwa wanakimbia huku wa mwisho bado wiki mbili. Pili, kiota chake hakiko juu ya kabati chini ya bati, kiko chini, kwenye kivuli, ardhini penye ubaridi. Tatu, na hii ndo iliyonifurahisha kuliko zote, kila akirudi kutaga anayakalia yale ya zamani nusu saa, saa moja, anayapa joto la kweli la mwili halafu anaondoka yanapoa. Wataalamu wa kutotolesha wamekuja kugundua kwamba mayai yaliyowekwa siku nyingi kwenye ubaridi ukiyapasha joto la mashine masaa machache kisha ukayarudisha kwenye ubaridi yanatotoa vizuri zaidi kuliko yaliyoachwa tu. Kuku anafanya hivyo bila semina. Joto kali la muda mfupi linakisaidia kiinitete, vuguvugu la kutwa kucha ndo linakiua.

Na hata huyo kuku hashindi kila mara. Shangazi anasema wakati wa kaskazi viza huwa vingi, yeye anapenda walalie kusi ikianza kuvuma.

Nimtetee na marehemu kidogo. Ni kweli joto likizidi jogoo mbegu zinapungua nguvu, hilo lipo, kwa hiyo waliomshuku hawakuwa wajinga. Ila kwa jogoo wote wa mtaani yeye ndo alikuwa wa mwisho kushukiwa. Kuku hatoki jasho, hana tezi za jasho, anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi na kwa damu inayopita kwenye upanga, ndevu na sehemu zisizo na manyoya. Kuhema kunafanya kazi kama hewa ni kavu, kule Dodoma. Hapa pwani hewa yenyewe imeshiba maji, kuku anahema mpaka mabawa yanamtoka na ubaridi hapati. Sasa kishingo ana manyoya pungufu, akirithi upande mmoja yanapungua kama robo hivi, akirithi kwa baba na mama yanapungua kwa kama asilimia 40, kwa hiyo joto linatoka lenyewe kupitia ngozi bila kuhangaika. Watu wanamcheka sura lakini Wafaransa wana kuku wa shingo tupu wanaowauza kama kitoweo cha bei. Na ukitaka vishingo huhitaji kuwa na kundi zima, jogoo mmoja tu anatosha, wa urithi wa upande mmoja akipanda mitetea ya kawaida karibu nusu ya watoto wanakuwa vishingo, kama wale 6 kwa 11 wa shangazi. Huyo wa upande mmoja utamjua kwa kishungi cha manyoya kilichobaki mbele ya shingo.

Basi yai tuliweke wapi? Watotoleshaji wakubwa wana chumba cha kiyoyozi, nyuzi 15 mpaka 18, na hata humo wiki moja ikipita utotoaji unaanza kushuka. Friji ya nyumbani hapana, nyuzi 4 ni baridi mno, halafu ukilitoa kwenye hewa yetu linatoka jasho na ule unyevu unaingiza vijidudu kwenye vitundu vya ganda. Wapo wanaoweka kwenye mtungi wenye mchanga uliolowa maji, nimejaribu, ila mtungi unapoza kwa maji kukauka na hapa maji hayakauki, unapata nyuzi mbili tatu tu. Bora kuliko kabati.

Mimi nimeamua kupunguza siku. Nakusanya siku 4, basi, yakifika 20 naweka 20, mashine haijajaa na wala sijali. Naokota mara 3 kwa siku yasipikwe kiotani, nayaweka kwenye trei ncha iliyochongoka chini, sakafuni, chini ya kitanda ambako saruji ina ubaridi, na ile mtaka cha uvunguni sharti ainame naitimiza kila asubuhi na mgongo unaijua. Maji kwenye mashine nayo nimepunguza, maana hewa ya Tanga yenye unyevu wa asilimia 80 kwa nyuzi 28, ukiipasha mpaka 37.5 inabaki na unyevu wa kama 47 bila kuongeza tone, karibu kabisa na unaotakiwa siku 18 za mwanzo. Mwanzoni nilikuwa najaza mifereji yote miwili kama karatasi ilivyosema, vifaranga vinatoka vimevimba na kulowa. Sa hivi nasubiri siku 3 za mwisho ndo namimina.

Awamu ya mwisho niliweka 22, wakatoka 17. Jogoo niliyenaye ni mwekundu wa kawaida, manyoya mpaka kidevuni, saa 7 mchana anajilaza chini ya mnazi mabawa kayatandaza. Shangazi amekuza majogoo vishingo wawili kati ya wale 11, nimemwomba mmoja. Anasema atanipa nikimpelekea trei la mayai, ya siku hiyo hiyo, na kwamba akisikia harufu ya pilau huku kwangu anakuja kumchukua.