Dada wa mchana katika darasa la Montessori: kunawa, uji na usingizi ndiyo masomo yenyewe

Saa 6 mchana mwalimu wa darasa la watoto wadogo anapoaga, chumba kile kile chenye rafu fupi na mikeka hubaki mikononi mwa mtu mwingine. Vituoni wanamwita anti, au dada wa mchana, na mkataba wake, kama anao, humtaja kuwa "mwangalizi" tu. Atakaa na watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu mpaka wazazi watoke kazini, wapenye foleni na kufika getini saa 11 jioni, wengine saa 12. Mtoto aliyeletwa saa 2 asubuhi amekaa na mwalimu saa nne. Na dada wa mchana atakaa naye saa tano au zaidi.

Kazi yangu ni kuwafundisha walezi hao. Kila kundi jipya linapoanza mafunzo, huwa naulizwa swali moja: "Mwalimu, sasa mchana tuwafundishe nini? Vifaa vya rafuni tumekatazwa kugusa." Nawajibu kwamba wanacho cha kufundisha kuliko mtu yeyote katika kituo. Kunawa mikono, kubadilishwa nepi, kunywa uji, kulala, kuvaa viatu: kwa mtoto wa miaka miwili hayo ndiyo masomo, wala si mapumziko kati ya somo na somo. Na karibu yote yanaangukia mchana.

Hilo silisemi kwa kuwafariji. Ndivyo njia ya Montessori, ya kumwacha mtoto ajifunze kwa kufanya mwenyewe, ilivyoanza. Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, daktari Maria Montessori alifungua chumba cha watoto ndani ya jengo la wapangaji maskini. Wazazi walikwenda vibaruani, watoto wasiofikia umri wa shule wakabaki wakizurura kwenye ngazi na kuchafua kuta, na wenye majengo wakataka apatikane mtu wa kukaa nao. Aliyewekwa kukaa nao hakuwa mwalimu wa kusomea. Alikuwa binti wa bawabu wa jengo. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha Montessori kilikuwa mahali pa kulelea watoto wa watu walio kazini, na mlezi wake alikuwa kijana wa kawaida aliyefundishwa kutazama vizuri.

Kuna kisa cha siku zile ambacho huwa sikiachi. Siku moja Montessori aliwaonyesha watoto namna ya kupenga kamasi: kutoa leso, kuishika hivi, kupenga taratibu pasipo kelele. Alidhani watacheka. Wao walimtazama kimya mpaka mwisho, kisha wakampigia makofi. Kwa maelezo yake, watoto wale walikuwa wamekaripiwa siku zote kwa sababu ya kamasi, lakini hakuna aliyekuwa amekaa chini na kuwaonyesha, kwa heshima, namna ya kuziondoa.

Hapa Tanzania njia hii imeenezwa kwa sehemu kubwa na masista wa Kanisa Katoliki, na vyuo kama vya Msimbazi jijini Dar es Salaam na Lushoto vimetoa walimu kwa miaka mingi. Lakini mafunzo mengi yamewalenga walimu wa watoto wa miaka 3 hadi 6. Anayeshika watoto wa chini ya hapo, tena baada ya saa za darasa, mara nyingi huingia kazini akiwa na maelekezo mawili tu: wasilie, wasiumie.

Kunawa mikono

Nianze na kunawa, maana ukiliweza hili mengine yanafuata. Unahitaji kigoda au meza fupi, beseni, jagi dogo lisilojaa, kipande cha sabuni kilichokatwa kiingie kwenye kiganja cha mtoto, taulo moja na kitambaa cha kufutia maji yaliyomwagika. Kaa upande ambao mtoto ataona mikono yako. Mimina maji polepole. Lowesha mikono, paka sabuni, sugua kiganja, sugua juu ya mkono, kidole kimoja kimoja. Usiseme wakati unaonyesha. Mtoto wa umri huu hawezi kufuata mikono na maneno kwa wakati mmoja. Ukiongea atakutazama mdomo. Ukimaliza, mwambie, "Sasa zamu yako," kisha rudisha mikono yako mapajani.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Mtoto anamimina maji nje ya beseni, na mkono wa mlezi unaruka wenyewe kumsaidia. Uzuie. Maji yaliyomwagika yana kitambaa chake, na kufuta ni sehemu ya kazi. Tena akishamaliza kunawa atanawa upya, na upya tena, hata mara sita. Hachezei maji. Wewe unanawa ili mikono iwe safi, yeye ananawa ili ajue kunawa. Mwache, ilimradi maji yapo na wenzake hawangojei uji.

Nepi nayo ni hivyo hivyo. Mtoto anayeweza kusimama abadilishwe akiwa amesimama, ameshika rafu au ukuta, na aambiwe kabla ya kuguswa: "Nakuvua suruali. Inua mguu. Sasa huu mwingine." Ukimzoesha kuinua mguu mwenyewe leo, baada ya wiki chache atashusha suruali mwenyewe. Usikunje uso, usiseme "yuh, unanuka". Anajifunza kutoka kwako kama mwili wake ni kitu cha aibu au ni kitu cha kutunzwa. Na poti isiwe adhabu. Mtoto asikalishwe nusu saa mpaka "atoe". Anayekaa mkavu kwa muda mrefu, anayekujulisha kwamba amejisaidia, huyo ameanza kuwa tayari, naye akaribishwe bila kushikiliwa.

Uji wa saa 9 unywewe mezani, wameketi, kwenye kikombe kidogo kisicho na mfuniko. Uwe wa vuguvugu, kisha mtoto mwenyewe amimine kutoka kwenye jagi. Ndizi apewe ikiwa imechanwa ncha tu, aimenye. Yai la kuchemsha vile vile. Nimewahi kumwona mtoto wa miezi ishirini akimenya yai moja kwa robo saa nzima, ulimi nje kwa umakini, na mlezi wake ameketi kando bila kumharakisha. Mlezi yule hakuwa na cheti. Alikuwa na subira, na alikuwa ameelewa kazi.

Usingizi

Wazazi wengi huomba: "Dada, asilale mchana, usiku atanisumbua." Naelewa wanakotoka, mtu aliyeamka saa 10 alfajiri anautamani usiku wake. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na wa mchana, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Mtoto anayeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi gari la shule hawezi kuzitimiza bila kulala mchana. Mwonyesheni mzazi hesabu hiyo kwa upole, kisha kubalianeni: alale mapema baada ya chakula, asiachwe mpaka saa 10 jioni.

Mahali pa kulala pawe pale pale kila siku, na godoro lake, na shuka lake. Watoto wa umri huu wana njaa kali ya mpangilio. Ukihamisha godoro upande wa dirishani anaweza kulia nusu saa nawe usijue kwa nini. Asiyelala asilazimishwe kufumba macho; apumzike kimya, halafu apewe kazi ya taratibu, kama kukunja vitambaa vya mezani.

Mwongozo huo huo unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Najua katuni ndizo zinazowatuliza wengi saa za jioni. Lakini mtoto aliyetulizwa na katuni hajatulia; ukiizima utakutana na uchovu wake wote kwa mkupuo.

Saa 10 jioni

Hii ndiyo saa ya kung'atana. Uji umeisha tumboni, joto limemchosha mtoto, mwenzake anashika ndoo anayoitaka, na maneno ya kudai hana. Anang'ata. Tabia hii ni ya kawaida kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu na haimaanishi mtoto ana roho mbaya. Nenda kwanza kwa aliyeng'atwa: mbembeleze, osha kwa maji na sabuni, tazama kama ngozi imechanika. Kisha shuka mpaka macho yako yalingane na ya aliyeng'ata, sema maneno machache: "Inauma. Hatung'ati." Halafu mpe neno alilolikosa: "Sema, naomba." Wapo wanaoshauri umng'ate na wewe ili aone uchungu. Usithubutu. Atakachojifunza ni kwamba mkubwa akikasirika huuma.

Wala usimtishe kwa daktari na sindano. Kesho akiugua kweli, huyo daktari ndiye utakayemkimbilia.

Dawa nzuri ya saa 10 ni kuizuia kabla haijafika. Watoe nje. Wape kitu kizito kidogo wabebe: ndoo yenye maji robo ya kumwagilia mchicha, kikapu cha majani makavu, fagio fupi za kufagilia chini ya mwembe. Mwili unaobeba kitu hutulia.

Na zungumza nao. Kwa Kiswahili chako kamili. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu vituo vingi vya mijini huwaamuru walezi waongee Kiingereza na watoto, hata kama mlezi ana maneno hamsini tu ya lugha hiyo. Mtoto wa miaka miwili ananyonya lugha kama sifongo, na akinyonya "kamu hia" na "sitidauni" siku nzima, ndicho alichopata. Mwenye Kiswahili kilichokomaa amwambie mtoto jagi, beseni, kifuniko, ufagio, mchwa, kivuli, ukungu. Amwimbie nyimbo alizoimbiwa na bibi yake. Kiingereza kifundishwe na anayekijua.

Macho, si mikono tu

Kwa wenye vituo nina ombi moja: dada wa mchana asiwe pia msafishaji na mpishi kwa saa zile zile. Nimeingia kituoni nikakuta mlezi mmoja anapiga deki huku watoto tisa wakiwa uani na ndoo ya maji imejaa. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Akitumbukiza kichwa kwenye ndoo hana nguvu ya kujitoa, na hapigi kelele. Ndoo zimwagwe. Mafuta ya taa na dawa za kusafishia visiwekwe kamwe kwenye chupa za maji ya kunywa.

Karanga, pipi ngumu, muwa, punje za mahindi ya kuchoma na zabibu nzima wasipewe. Mtoto akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, na ametimiza mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja; kikibaki, simama nyuma yake au piga magoti, kunja ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano, urudie huku mwenzako akitafuta msaada na usafiri. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Maelezo haya hayatoshi bila mazoezi. Mwite muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu awafundishe kwa vitendo.

Mtoto anapoletwa, na unapombadilisha, tazama mwili wake. Alama usizozielewa ziandikwe siku ile ile na mkuu wa kituo aambiwe. Ukiwa na hofu kwamba mtoto anafanyiwa ukatili, namba 116 hupigwa bure, nayo iko kwa ajili hiyo.

Getini

Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto iwe na majina, namba za simu na picha. Dereva wa bodaboda aliyekuja na maneno "mama yake amenituma" asubiri nje mpaka mama apigiwe kwa namba iliyo kwenye daftari la kituo, wala si namba anayoitoa yeye. Ni aibu ya dakika mbili, na mzazi mwema hukushukuru.

Unapomkabidhi, usiseme "leo alikuwa msumbufu". Mzazi hana la kufanya na neno hilo ila kumgombeza mtoto njiani. Mwambie ulichokiona: amelala saa moja na nusu, amekataa maharage, amejimiminia uji mwenyewe. Kwa mwalimu wa asubuhi uandike hayo hayo katika daftari.

Kisha kuna viatu. Mzazi amechoka, bajaji inanguruma nje, na mtoto ameketi kizingitini anapambana na mkanda wa sandali. Mama anainama amfungie. Mwombe kwa adabu: "Mama, tumpe dakika mbili, cha kushoto ameshakifunga mwenyewe."