Hospitali ikisemwa "imezidiwa", kimezidiwa nini hasa?

Janga la maradhi likipamba moto, taarifa za habari hurudia neno moja: hospitali zimezidiwa. Msikilizaji hujengeka picha ya machela zilizopangana koridoni na wagonjwa waliokosa pa kulala. Picha hiyo ni ya kweli, ila inapeleka jicho kwenye kitanda, na kitanda ndicho kitu rahisi kuliko vyote kupatikana. Wenye kazi yao huzungumzia uwezo wa kuhimili wimbi: hospitali inaweza kujitanua kiasi gani, na kwa haraka gani, wanaoingia wanapowazidi wanaotoka.

Hao wanaotoka ndio husahaulika. Tuseme wodi inapokea wagonjwa mahututi 5 kwa siku, na kila mmoja anakaa siku 14. Baada ya wiki mbili inahitaji vitanda 70, ingawa idadi ya wanaoingia haijaongezeka hata kwa mtu mmoja. UVIKO-19 ilikuwa hivyo: aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia aliweza kukaa hapo wiki kadhaa.

Vitanda vyenyewe huongezwa upesi. Mwanzoni mwa 2020, mjini Wuhan, China ilijenga hospitali ya vitanda 1,000 kwa takribani siku kumi. Aprili mwaka huohuo, London iligeuza ukumbi wa maonyesho kuwa hospitali iliyopangwa kufikia vitanda 4,000. Wuhan walipeleka na wahudumu, wengi wao madaktari na wauguzi wa jeshi. London, katika wimbi lile la kwanza, ukumbi haukuhudumia hata wagonjwa mia moja. Sababu moja ilikuwa nzuri: hospitali za kawaida zilijibana zikaongeza nafasi zenyewe. Ya pili haikuwa nzuri, maana wauguzi wa kuujaza ukumbi walipaswa kutolewa kwenye hospitali zilezile ambazo nazo zilikuwa zinawalilia.

Mikono ndiyo huisha kwanza. Tazama kazi moja tu, kumlaza kifudifudi mgonjwa aliye kwenye mashine ili mapafu yapate hewa vizuri zaidi. Mmoja anasimama kichwani, kashika mrija wa hewa usichomoke. Wawili au watatu wanakaa kila upande. Mirija ya dawa inakusanywa isije ikanasa. Wa kichwani anahesabu, wote wanageuza kwa pamoja. Baada ya saa 16 hivi wanarudi kumlaza chali. Hiyo ni timu nzima kwa mgonjwa mmoja. Siku za kawaida muuguzi wa wodi ya mahututi huangalia mgonjwa mmoja au wawili. Wimbi likipanda hupewa wanne, pengine sita, akisaidiwa na wenzake kutoka wodi nyingine ambao huenda hawajawahi kuigusa mashine ile.

Baada ya mikono, oksijeni. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unampa mgonjwa wa lita 10 kwa dakika zaidi ya saa 11. Anayehitaji lita 60 kwa dakika anaumaliza kabla ya saa mbili kutimia. India iliyaona hayo Aprili 2021, ndugu wa wagonjwa walipokuwa wakihangaika mitaani kutafuta mitungi.

Ili kupata nafasi, hospitali huahirisha upasuaji usio wa dharura, huruhusu mapema wanaoweza kuuguzwa nyumbani, na hutenga mlango wa wenye dalili ili wasichangamane na wengine. Hatua hizi zina bei yake. Uvimbe ambao ungetolewa mwezi huu unasubiri, na hauko kwenye hesabu ya waliougua janga.

Wahudumu nao huugua, na kila anayeugua hupunguza mikono ileile iliyokuwa haitoshi. Kuvaa mavazi ya kujikinga hufundishika upesi. Hatari iko kwenye kuyavua, mtu akiwa hoi baada ya zamu ndefu na sehemu ya nje ya glovu ikiwa na virusi. Ndiyo maana penye utaratibu mzuri mwenzako husimama pembeni akikutazama unavyovua, hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,500 walikufa kwa UVIKO-19.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani kidogo. Mwaka 1952 polio iliikumba Copenhagen, Denmark, na hospitali moja ikawa inapokea wagonjwa wengi waliopooza misuli ya kupumulia, huku mashine zikiwa za kuhesabu kwa vidole. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipendekeza watobolewe koo, waingizwe mrija, kisha hewa isukumwe kwa kubana mfuko wa mpira. Nani angebana? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa ujumla, wakapokezana zamu usiku na mchana, kwa miezi. Kabla ya hapo wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakifa zaidi ya wanane katika kila kumi. Baadaye vifo vilishuka chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha wodi ya wagonjwa mahututi, ya kwanza ya aina yake.