Je, wajua kwa nini cheche hurekodiwa mbele ya kaniki?

Magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, yana msikiti wa tangu karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe. Huwezi kuwasha moto pale, na haifai. Kwa hiyo tulipotaka cheche zipae juu ya makaburi hayo katika video ya ngoma, tulizirekodi uani, mjini, usiku: jiko la mkaa, mtu wa kupepea, na kaniki imeanikwa kwenye kamba hatua nne nyuma ya jiko. Kisha kompyuta ikaondoa ule weusi, cheche zikabaki.

Iliuondoaje? Kwa kweli haikuuondoa. Kwenye video, weusi si rangi iliyopakwa. Ni mahali pasipo na mwanga. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na kwa kawaida kila moja huanzia 0 hadi 255. Nyeusi kabisa ni 0, 0, 0. Ukiijumlisha na picha ya Kaole, Kaole inabaki vilevile. Cheche ina namba kubwa, kwa hiyo inaongeza mwanga pale ilipo.

Ndiyo kazi ya chaguo liitwalo “Screen” katika programu nyingi za kuhariri video. Badala ya kujumlisha tu, huzidisha giza kwa giza. Moshi wenye nusu ya mwanga ukiwa juu ya ukuta wenye nusu ya mwanga, giza linalobaki ni nusu ya nusu, yaani robo. Mwanga unakuwa asilimia 75, wala haupiti kikomo na kuwa doa jeupe. Ndiyo maana napenda njia hii kwa moto na moshi: hakuna kingo za kukata, na hata ukungu mwembamba kabisa unapita salama.

Ujanja wenyewe ni wa zamani. Mfaransa Georges Méliès, miaka ya 1900 hivi, alirekodi mbele ya kitambaa cheusi, akairudisha filamu nyuma, akarekodi tena juu yake. Penye weusi filamu ilikuwa haijaguswa na mwanga, basi ilipokea picha ya pili.

Kaniki yetu ilitusumbua kidogo. Kwa jicho ilikuwa nyeusi ti, lakini ilipowekwa juu ya Kaole ikaleta utando wa kijivu, na pindo lake likaonekana kama mstari angani. Namba zake hazikuwa 0, zilikuwa kumi na kitu. Ilibidi kwanza tuzishushe gizani kwa kurekebisha mwangaza, taratibu, maana ukizidisha, cheche ndogo zinazozimika nazo zinamezwa.

Tatizo jingine ni anga ya mchana. Juu ya weupe, mwanga ulioongezwa hauonekani. Hapo programu huulizwa itengeneze uwazi: inachukua namba kubwa kati ya zile tatu iwe kipimo cha uzito wa pikseli, kisha inaigawanya rangi kwa kipimo hicho. Cheche yenye 200, 100, 20 inapata uzito wa asilimia 78, na rangi yake inakuwa karibu 255, 128, 26. Sasa inaziba kilicho nyuma yake.

Ila mtu hatoki hivyo. Mboni ya jicho, nywele na kivuli cha chini ya kidevu vina namba zinazokaribiana na za kaniki, na programu haijui kipi ni mtu. Inaona namba tu, inatoboa vyote. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina wekundu mwingi kuliko ukijani, kwa hiyo mchezaji wetu tulimrekodi mbele ya kitambaa cha kijani. Alikuwa amejifunga kaniki kiunoni, na ilibaki nzima.