Misuli haigeuki mafuta ukiacha mazoezi

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Uganda huzunguka ujumbe uleule: usinyanyue vyuma, kwani siku ukiacha, misuli ya bega na mkono itageuka mafuta. Si kweli. Misuli na mafuta ni tishu mbili tofauti, na moja haiwezi kuwa nyingine. Ukiacha mazoezi, nyuzi za misuli husinyaa tu. Mtazame aliyevunjika mkono akafungwa plasta wiki kadhaa: ikitolewa, mkono umekonda, haukunenepa.

Kinachotuchanganya ni sahani. Mazoezi yamekoma, lakini matoke na mchuzi wa karanga ni vilevile (nani atavikataa?), hivyo mafuta hujaa chini ya ngozi huku misuli ikipungua. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Misuli iliyosinyaa hukua tena ukirudi mazoezini.