Je, kubonyeza ramani na kufika papo hapo kwenye gemu kunaingia akilini?

Juzi nilikuwa Nakuru kwa sista, mtoto wake yuko kwa kochi na padi mkononi anacheza Skyrim, anafungua ramani, anabonyeza Riften, skrini inaingia giza kidogo, ashafika. Halafu akaniuliza, "Anko, kama mtu anaweza fika hivi, mbona hao wafanyabiashara wa Khajiit, wale watu wenye sura ya paka, wanatembea kwa miguu na barabara imejaa majambazi?" Swali hilo nimerudi nalo mpaka Kisumu.

Kwanza tuelewane, kwa Skyrim (2011) huo si uchawi. Angalia saa ya gemu, ukitoka asubuhi kwenda mbali unafika jioni ama usiku, maana yake mtu wako ametembea njia yote, ni wewe tu hukuonyeshwa. Na kuna masharti, uwe ushawahi fika hapo, adui asiwe karibu, mzigo usikuzidi. Ni kama kupanda matatu hapa Kisumu ukasinzia mkipita Ahero, kushtuka ni Salgaa na makanga anauliza nani anashuka. Kericho mlipita na majani chai yake yote, ni macho yako yalikuwa yamefungwa. Kwa hivyo Khajiit na wewe mnatembea barabara ile ile. Lakini mtoto bado ana haki, kwa sababu ukibonyeza ramani huvamiwi njiani hata siku moja, wengine wote wanaporwa.

Mimi naona hii safari ya haraka inaingia akilini pale dunia yenyewe inaijua, yaani kuna wa kukubeba, kuna steji, kuna nauli. Gemu ya Morrowind ya 2002 ndiyo iliniweza kabisa. Huko kuna mdudu mkubwa anaitwa silt strider, miguu mirefu kupita nyumba, gamba lake limechongwa abiria wakae ndani na dereva anamwongoza kwa kugusagusa nyama za ndani zilizoachwa wazi (nilipojua hiyo nilinyamaza kidogo, mnyama wa watu). Na hafiki kila mahali. Ukiwa Seyda Neen unataka Ald'ruhn hakuna ya moja kwa moja, unashuka Balmora unaunganisha, kama vile mtu wa Mbale anavyoshuka Kisumu kutafuta gari ya Kisii. Pwani kuna mashua, na wachawi wa chama wanakutuma kutoka ofisi yao moja hadi nyingine ukilipa. Ukicheza wiki mbili unajua njia za nchi nzima kichwani, ramani huigusi.

Dragon's Dogma 2 ya 2024 nayo ina mkokoteni wa ng'ombe, unalipa, unakaa nyuma, unaweza sinzia, na mkivamiwa unaamshwa upigane, mkokoteni ukivunjwa unamalizia kwa miguu. Hiyo ndiyo jibu la swali la mtoto, barabara ni hatari kwa wote.

Sasa uchawi wenyewe, ule wa kupotea hapa na kutokea kule. Huo ukiwa mikononi mwa kila mtu dunia haiwezi baki vile ilivyokuwa. Ona tu reli, ilianza kujengwa Mombasa 1896, Desemba 1901 ikagusa ziwa hapa Kisumu wakapaita Port Florence, na safari ya misafara iliyokuwa inakula miezi ikawa ya siku chache tu, Nakuru nayo ikakua mji kuzunguka stesheni. Hiyo ni reli tu. Sasa fikiria mtu anatoa mchele Ahero na papo hapo uko soko la Nakuru, nani atalala njiani na punda, na mji utajenga ukuta wa nini kama jeshi la adui linaweza tokea katikati ya soko? Ndio maana napenda vile Breath of the Wild (2017) ilifanya, Link, yule shujaa unayemcheza, anageuka nyuzi za mwanga wa buluu na kutokea kule kwa sababu ana kifaa cha zamani, Sheikah Slate, ambacho wachuuzi wa barabarani hawana. Wao wanaendelea kutembea na begi mgongoni na mvua ikinyesha wanakimbia kujikinga.

Mtoto nilimpigia nikamweleza yote hayo. Ameacha kubonyeza ramani, jana ametoka Whiterun kwa miguu akiifuata barabara ya Riften, giza likamkuta Ivarstead akalipia chumba akalala, anasema hakuwahi jua kuna kijiji hapo.