Pop ya progresivu ni muziki wa namna gani?

Pop ya progresivu ni muziki unaochukua ufundi wa roki ya progresivu, yaani mapigo yasiyozoeleka, sehemu nyingi ndani ya wimbo mmoja, vinanda na sauti zilizorundikwa studio, na kuutia ndani ya wimbo ambao mtu yeyote anaweza kuuimba huku anafua nguo. Hilo la mwisho ndilo la msingi. Ufundi wote upo, ila haujitangazi. Kinachomfikia msikilizaji kwanza ni melodi inayomganda kichwani. Ugumu ataugundua baadaye, na pengine asiugundue kabisa.

Roki ya progresivu yenyewe ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1967 The Beatles walitoa albamu ya Sgt. Pepper's, ikawaonyesha wanamuziki wenzao kwamba studio ni chombo cha muziki kama gitaa. Mwaka 1969 King Crimson wakatoa albamu yao ya kwanza, huku makundi mengine kama Yes, Genesis na Jethro Tull nayo yakichota kutoka jazi na muziki wa okestra za Ulaya. Walikuwa na kiu ya kwenda mbali. Mwaka 1972 Yes walirekodi wimbo mmoja, "Close to the Edge", wa zaidi ya dakika 18, ukajaza upande mzima wa santuri. Mwaka huohuo Jethro Tull wakajaza pande zote mbili kwa wimbo mmoja.

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hulisahau. Upande mmoja wa santuri kubwa ulibeba dakika ishirini na kitu. Santuri ndogo ya 45, yaani ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyokuwa inachezwa redioni na kuuzwa kwa bei ya vijana, ilibeba dakika tatu au nne tu kwa raha. Msikilizaji wa dansi la Kongo na Tanzania anaujua mkato huo: nyimbo ndefu za bendi za miaka ya 1970 zilipasuliwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A, na sehemu ya pili yenye chemko upande B. Uingereza hawakupasua namna hiyo. Waligawana: roki ya progresivu ikahamia kwenye santuri kubwa, pop ikabaki na ile ndogo pamoja na redio. Pop ya progresivu ni kazi ya watu waliokataa kuishi upande mmoja tu wa mgawanyo huo.

Mwaka wa kuutazama kwa makini ni 1975, na wimbo wa kuutazama kwa makini ni "I'm Not in Love" wa kundi la 10cc. Kwa maneno yake ni wimbo mwepesi sana: mtu anakana kwamba anapenda, na kila sababu anayoitoa inamwumbua. Melodi yake mtoto anaweza kuishika. Mwanzoni waliurekodi kwa mdundo wa bosanova ya Brazili, haukuwaridhisha, wakakaribia kuutupa. Kisha Kevin Godley, mmoja wa wanakundi, akashauri ufanywe upya, safari hii mzigo ubebwe na sauti za watu.

Kilichofuata katika studio yao ya Strawberry, mjini Stockport, kilikuwa kazi ya subira kubwa. Wanakundi watatu waliimba "aaa" kwa noti moja mara 16, zikapatikana sauti 48 za noti hiyo. Wakarudia kwa kila noti ya ngazi ya muziki, noti 13 kwa jumla. Zidisha: sauti 624. Kila noti ikawekwa kwenye kipande cha utepe kilichounganishwa ncha kwa ncha kikawa pete, ili izunguke bila kukoma. Mwisho wakasimama wote wanne kwenye meza ya kuchanganyia sauti, kila mmoja na noti zake, wakizipandisha na kuzishusha kwa vidole kadiri wimbo ulivyokwenda, kana kwamba meza nzima ni kinanda kimoja. Hata pale noti ilipotakiwa kushuka, hawakuiacha izimike kabisa. Ndiyo maana chini ya wimbo mzima husikika ukungu mwembamba wa sauti usiokatika. Katikati, mwanamke aliyekuwa mapokezi hapo studio aliombwa anong'one maneno machache tu, naye akaingia kwenye historia.

Wimbo ule ni wa dakika sita hivi, na ulishika namba 1 Uingereza na namba 2 Marekani. Watu walioununua hawakuwa wanahesabu sauti. Walikuwa wanapendana, wengine wameachwa. Kwangu mimi huo ndio mfano safi kuliko yote, kwa sababu ukiziondoa zile sauti 624 wimbo unabaki bila mwili, na ukiiondoa ile melodi sauti zinabaki jaribio la mafundi.

Miezi michache baadaye mwaka huohuo ukaja "Bohemian Rhapsody" wa Queen, kundi lililoongozwa kwa sauti na Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Huu ni wimbo wa dakika tano na sekunde 55 usio na kiitikio hata kimoja. Unaanza kwa sauti tupu, unaingia kwenye piano na hadithi ya kijana aliyeua mtu, unageuka opera, unalipuka kuwa roki nzito, kisha unarudi kuwa mpole. Sehemu ya opera peke yake, ile ambamo neno "Bismillah" linarushwa huku na huku, iliwachukua wiki kadhaa za Mercury, Brian May na Roger Taylor kuimba juu ya sauti zao wenyewe. Kampuni za santuri ziliogopa wimbo mrefu kiasi hicho. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London akaucheza mara 14 ndani ya wikiendi moja, na simu zikamiminika. Ulikaa namba 1 Uingereza wiki tisa.

Kuna wanaosema "Bohemian Rhapsody" ni roki ya progresivu tupu, maana sehemu zake zinabadilika mno. Sikubaliani nao. Kila sehemu ni fupi, kila sehemu ina kitu cha kuimbwa, na hakuna mahali ambapo mpiga ala anasimama kuonyesha vidole vyake. Hata gitaa la May linapoingia, linapiga melodi ambayo unaweza kuivumisha kwa mdomo.

Tuje kwenye kuhesabu, maana hapa ndipo ugumu hufichwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Nyimbo nyingi za pop zina mapigo manne kwa kila mzunguko. Mguu unajua wenyewe. Peter Gabriel aliondoka Genesis mwaka 1975, na mwaka 1977 akatoa "Solsbury Hill", wenye mapigo saba. Ukijaribu kuucheza kwa hatua za nne, mguu wako utaachwa nyuma. Lakini redioni haukumsumbua mtu. Sababu inasikika ukitega sikio kwenye dramu: ile kubwa ya chini inagonga kila pigo bila kuruka, sawasawa kama mtu anayetembea, kwa hiyo mwili unapata pa kukanyaga hata akili isipojua imefika la ngapi. Kwenye mwisho wa kiitikio saba zinaachia nafasi kwa nne, na unajisikia kama mtu aliyefika juu na kuvuta pumzi. Wenzake wa zamani wa Genesis nao, mwaka 1980, wakatoa "Turn It On Again", ambao mzunguko wake ni wa mapigo 13. Uliingia kumi bora za Uingereza.

Hawa Genesis wamezusha ugomvi ambao mashabiki bado wanao. Phil Collins, aliyekuwa mpiga dramu, alishika uimbaji baada ya Gabriel kuondoka. Mwaka 1978 wimbo wao wa mapenzi, "Follow You Follow Me", ukawa wa kwanza kuwaingiza kumi bora nyumbani kwao. Mashabiki wa zamani wakasema wameuza roho. Naona tuhuma hiyo haifai kwa miaka ile, kwa sababu kwenye "Turn It On Again" ufundi na wimbo ni kitu kimoja. Baadaye ndipo mambo yalipoachana. Albamu yao ya 1986, Invisible Touch, ina wimbo wenye jina hilohilo, uliofika namba 1 Marekani, nao ni pop ya kawaida. Na albamu hiyohiyo ina "Domino" wa zaidi ya dakika kumi. Vyote viwili vimo, ila kila kimoja kimekaa chumba chake. Huo ni ujirani, na dhana tunayoieleza inadai ndoa.

Vivyo hivyo, wimbo wa pop haugeuki progresivu kwa kuwa mrefu, wala kwa kuongezewa vinubi na zeze. Electric Light Orchestra wa Birmingham walitumia zeze karibu kila mahali, lakini kinachowaingiza humu ni namna walivyojenga. "Mr. Blue Sky" wa 1977 ni wimbo wa furaha wa dakika tano, na ndio unaofunga mfululizo wa nyimbo nne kuhusu mvua zilizojaza upande wa tatu wa santuri pacha. Mwishoni kwaya inakuja juu kana kwamba ni wimbo mwingine, kisha sauti iliyopitishwa kwenye mashine inamwomba msikilizaji aigeuze santuri.

Kundi la Yes nalo lina kisa kinachoeleza dhana hii kwa watu badala ya noti. Mwaka 1979 Trevor Horn na Geoff Downes, waliojiita The Buggles, walishika namba 1 Uingereza kwa "Video Killed the Radio Star". Mwaka uliofuata, kwa mshangao wa kila mtu, wakajiunga na Yes, Horn akiwa mwimbaji. Haikudumu. Downes akaenda kuunda Asia na maveterani wa King Crimson, Yes na Emerson, Lake & Palmer, na albamu yao ya 1982 ikauzwa sana Marekani. Horn akarudi Yes, safari hii kama mtayarishaji, na mwaka 1983 ukatoka "Owner of a Lonely Heart", uliochipuka kwa Trevor Rabin, mpiga gitaa kutoka Afrika Kusini. Ndani yake kuna vipande vya sauti vilivyokatwa na kubandikwa kwa kompyuta, ngoma zinazochomoza ghafla na kutoweka, gitaa linaloruka sauti mbili kwa pamoja. Na juu ya yote, kiitikio cha kuimba na umati. Mwanzoni mwa 1984 ulifika namba 1 Marekani. Ni huo pekee wa Yes uliowahi kufika hapo.

Anayetaka kuanza kusikiliza leo, namshauri aanze na Hounds of Love, albamu ya mwimbaji Kate Bush ya mwaka 1985, aliyoirekodi kwenye studio aliyojijengea shambani kwa wazazi wake. Upande wa kwanza una "Running Up That Hill", wimbo uliorudi na kushika namba 1 Uingereza mwaka 2022, miaka 37 baada ya kutoka, baada ya kutumika kwenye tamthilia ya televisheni. Upande wa pili ni nyimbo saba zinazoungana kuhusu mtu anayeelea baharini peke yake usiku. Usikilize upande wa kwanza mpaka uuzoee, ndipo uugeuze. Kisha nenda "I'm Not in Love" ukiwa na spika za masikioni, halafu "Solsbury Hill". "Turn It On Again" iache ya mwisho: mara ya kwanza usihesabu.